Dubu wanaamuka lini? Uliza kwanza kama chakula kimefika

Mama mdogo yangu na watoto wake wanaishi Missoula, mji wa jimbo la Montana kule Marekani, ambako familia nyingi za Wakongomani zilipokelewa tangu 2016. Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka ananitumia swali lile lile kwa WhatsApp: « Wewe njo ulisoma agro, niambie basi, dubu wanatoka tarehe gani? » Watoto wanataka kuwaona. Yeye anataka kujua ni wakati gani asimwache kaziwanda wake acheze peke yake nyuma ya nyumba. Maswali ni mawili, lakini jibu linaanzia pamoja: dubu hafuati kalenda, anafuata chakula.

Kwetu Afrika hakuna tena dubu wa porini. Wa mwisho walikuwa kwenye milima ya Atlas, kaskazini kabisa, wakamalizika karne ya 19. Montana iko na aina mbili: dubu mweusi (jina linadanganya, wengine ni wa kahawia) na grizzly, mwenye nundu mabegani. Wote wanalala wakati wa majira ya baridi, na sababu kubwa si baridi yenyewe, ni njaa. Theluji inafunika kila kitu, hakuna cha kula, basi afazali kulala.

Na kulala kule si mchezo. Karibu miezi mitano hali, hanywi, hakojoi, haendi choo. Moyo wake unaweza kushuka chini ya mapigo 20 kwa dakika. Lakini joto la mwili linashuka digrii chache tu, njo maana anaweza kuamuka haraka mtu akisogelea shimo lake.

Hapa kuna kitu ambacho kingepaswa kufundishwa kwa kila promosyo ya agro. Sisi tunajua urea ya mufuko, ile ya kuweka kwenye mahindi, 46% azoti. Mwili wa dubu pia unatengeneza urea, sawa wetu. Sisi tunaikojoa. Yeye, wakati amelala, urea inarudi tumboni, vijidudu vya utumbo vinaivunja, na azoti ile inatumika tena kujenga protini. Mgonjwa akilala kitandani mwezi mmoja anaamuka miguu imekonda. Dubu anatoka shimoni na kupanda mlima.

Dume njo anatoka wa kwanza. Kwenye parke ya Yellowstone, kusini ya Montana, madume ya grizzly yanaanza kuonekana mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Majike yenye watoto wachanga yanatoka nyuma kabisa, kati ya katikati ya mwezi wa ine na katikati ya mwezi wa tano. Watoto wale walizaliwa mulemule shimoni, mwezi wa kwanza ao wa pili, kila mmoja karibu nusu kilo. Mama hana haraka, juu huko inje kuna madume yenye njaa, na dume anaweza kuua mtoto.

Wiki za kwanza bado kuna theluji, basi wanatafuta mizoga ya nyama waliokufa kwa baridi. Kisha majani yanaanza kuota. Dubu ana tumbo moja tu, hana tumbo la ng'ombe la kuvunja majani makavu. Anataka majani machanga, yenye protini, mbele yakomae. Na kwa kuwa theluji inayeyuka kuanzia bondeni kupanda juu, yeye naye anapanda pole pole nyuma ya kijani. Mwisho wa mwezi wa tano anatafuta pia watoto wachanga wa paa wakubwa wa kule.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuwaona aende kati ya mwisho wa mwezi wa ine na katikati ya mwezi wa sita, asubuhi sana ao jioni, kwenye mabonde ya Lamar na Hayden, na darubini. Sheria ya parke ni kukaa mbali mita 91. Ukikutana naye kwa miguu, usikimbie, na uwe na ile pilipili ya kupuliza mkononi, si ndani ya begi.

Mwezi wa nane wengi wamepanda juu sana, kwenye mawe. Wanafuata nini? Nondo! Viwavi vya nondo wale vinaharibu ngano ya wakulima wa tambarare za mashariki, lakini wakikua wanaruka mpaka milimani kunywa utamu wa maua, na muchana wanajificha chini ya mawe. Grizzly anapindua mawe, anaweza kula mpaka 40,000 kwa siku moja. Mdudu ambaye mkulima anamlaani ni mafuta ya dubu.

Sasa jibu la Mama mdogo. Kwa nyumba yake, mimi naogopa zaidi mwezi wa tisa na wa kumi. Wakati ule dubu anakula karibu muchana na usiku, anajaza mafuta, na dubu weusi wanashuka mjini kufuata matofaa. Nimemwambia avune mti wake mapema, aokote yaliyoanguka, na pubele aitoe asubuhi ya siku ya kuchukua takataka, si usiku mbele. Akaniambia matofaa ya jirani je? Aende amuone jirani, kwa upole. Dubu akizoea chakula cha watu, mara nyingi anaishia kuuawa.

Sisi wa huku, bila viza, tuko na kamera za Brooks Falls, Katmai, kule Alaska. Mwezi wa saba samaki salmon wanaruka maporomoko na dubu wanawangojea mdomo wazi. Saa kumi na mbili asubuhi kule ni saa kumi ya jioni Goma na Lubumbashi. Kama mega zako ni kidogo, ngojea mwisho wa mwezi wa tisa ao mwanzo wa mwezi wa kumi: watu wanapiga kura kuchagua dubu mnene kuliko wote, mchezo ulioanza 2014, na picha mbili za kila dubu, ya kukonda na ya kunona, zinatosha kuelewa yote niliyoandika hapa.