Mnyambuliko wa Kitenzi katika Kueleza Udhibiti wa Superoksaidi

1.0 Utangulizi

Katika tarafa ya Idodi, mkoani Iringa, elimu ya kifua kikuu inagusa watu na mifugo yao pia. Mradi wa HALI, ulioanza mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha California, Davis, ulichunguza kifua kikuu cha ng'ombe katika eneo la Ruaha, ambako wakulima na wafugaji wa lugha mbalimbali huwasiliana kwa Kiswahili. Sitiari iliyozoeleka katika elimu ya namna hii ni kwamba seli nyeupe za damu ni askari wa mwili. Hata hivyo, sitiari hiyo haielezi ni nani humwamuru askari kutumia silaha, wala ni nani humzuia. Makala hii inaonyesha kwamba mnyambuliko wa kitenzi unaweza kuziba pengo hilo.

2.0 Silaha na Viungo Vyake

Mojawapo ya silaha hizo ni superoksaidi, yaani molekuli ya oksijeni iliyoongezewa elektroni moja. Huzalishwa na kimeng'enya kiitwacho NADPH oksidesi. Seli inapotulia, viungo vya kimeng'enya hiki hukaa mbalimbali: gp91phox na p22phox katika utando, p47phox, p67phox na p40phox katika sitoplazimu. Humo pia hukaa Rac, protini ya kupitisha ishara. Utengano huo ni kinga, kwa kuwa superoksaidi ikizidi hudhuru tishu za mwili wenyewe.

3.0 Kauli za Kitenzi na Hatua za Udhibiti

(a) Kutendua. p47phox iliyotulia imejikunja. Seli ikitambua bakteria, kimeng'enya kingine huibandika fosfati, nayo hukunjuka na kushikamana na p22phox. Kiambishi -u- kinadokeza kwamba kizuizi kilichokuwapo kimeondolewa.

(b) Kutendesha. Rac iliyotulia hushika GDP. Protini ya kuiamsha huiachisha GDP hiyo, na GTP, iliyo nyingi zaidi katika seli, hutwaa nafasi yake. Rac huenda kwenye utando, hushikana na p67phox, na kimeng'enya hukamilika. Hapo elektroni kutoka NADPH huvushwa utando hadi kwenye oksijeni. Ushiriki wa Rac katika kazi hii ulibainishwa mwaka 1991.

(c) Kutendeka na kutendwa. Rac hugeuza GTP kuwa GDP polepole, yaani huzimika. Protini nyingine ikiihimiza, tendo huharakishwa, yaani Rac huzimwa. Mwalimu akitumia "huzimika" kwa hali zote mbili, mtenda hufichika, na mwanafunzi hatatambua kwamba mdhibiti yupo.

4.0 Hitimisho

Tofauti hizi zina uzito katika tiba. Mtoto aliyezaliwa na kasoro katika viungo vya kimeng'enya hiki huandamwa na maambukizi makali. Hata chanjo ya BCG, ambayo ina bakteria hai na hutolewa kwa watoto wachanga nchini Tanzania, yaweza kumletea ugonjwa. Askari wake wapo, ila silaha haiundiki. Uundaji wa istilahi, tangu TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, umeelekea zaidi kwenye nomino. Nomino hutaja viungo. Udhibiti, kwa kuwa ni tendo, hudai kitenzi kilichochaguliwa kwa uangalifu.