Taa ya Jirani na Usingizi wa Mtoto



Siku moja ya kupima watoto, mama mmoja alituambia: «Mtoto wangu hana homa, ananyonya vizuri, lakini usiku halali.» Tulimtazama mtoto, hatukuona ugonjwa. Kisha tukauliza juu ya chumba anamolala, na hapo jibu likaonekana. Jirani alitia taa kubwa nyeupe kwenye pembe ya nyumba yake, kwa kuogopa wezi. Mwanga unaingia katika dirisha la mama tangu mangaribi mpaka asubuhi. Mama alikuwa amekwisha nunua siropu ya kulalisha mtoto. Na yeye na jirani hawakuwa wanasalimiana tena.

Maneno haya yanaonekana sana siku hizi, zaidi katika mji wenye vilima kama Bukavu. Taa ya nyumba ya juu inamulika moja kwa moja katika chumba cha nyumba ya chini. Tena umeme ukikatika, watu wanasahau kuzima taa. Unaporudi saa saba ya usiku, taa zote zinawaka mara moja.

Kwa nini mtoto anahitaji giza?

Mwili una saa yake. Giza likiingia, ubongo unatoa dawa yake yenyewe ya usingizi, jina lake melatonini. Mwanga ukiingia machoni, zaidi ule mweupe na mkali, ubongo unafikiri ni mchana na kupunguza dawa hiyo. Jicho la mtoto linapitisha mwanga mwingi kuliko letu. Mtoto mchanga hajajua bado kutenga usiku na mchana. Anajifunza polepole, kufikia miezi 2 au 3, na mwanga na giza ndivyo vinavyomfundisha. Hata maziwa yako ya usiku yana melatonini nyingi kuliko ya mchana.

Katika mwaka 2019 OMS ilionyesha usingizi unaofaa, usiku na mchana pamoja:

– miezi 0 mpaka 3: saa 14–17
– miezi 4 mpaka 11: saa 12–16
– mwaka 1 mpaka 2: saa 11–14
– miaka 3 mpaka 4: saa 10–13

Mbele ya kulaumu taa

Tazama kwanza: mtoto ana homa? kikohozi? sikio linauma? ana njaa? amelowana? Usimpe siropu ya kulalisha, wala ya kikohozi ili asinzie. Inaweza kumzuia kupumua vizuri. Na mtoto anayelala kupita kiasi, asiyeamka kunyonya, mlete upesi hospitali.

Katika nyumba yako

1. Geuza kitanda, mwanga usimfikie mtoto usoni.
2. Tundika rido nzito, au vitenge viwili vya rangi ya giza. Lakini acha hewa ipite, usizibe dirisha kabisa. Na mbabula isiingie chumbani hata kidogo: hewa yake mbaya haionekani, nayo inaua.
3. Usimfunike mtoto kichwa, wala usitupe blanketi juu ya chandarua.
4. Ukinyonyesha usiku, tumia taa ndogo ya manjano. Usimmulike na tochi ya simu.
5. Asubuhi mtoe nje, aone mwanga wa mchana.

Pamoja na jirani

Usiende usiku na hasira. Usitupe jiwe. Kumbuka, jirani naye anaogopa, na woga wake ni wa kweli. Nenda mchana, wewe na bwana yako, useme hivi: «Papa, tunafurahi kwa sababu taa yenu inalinda parseli zetu sote. Lakini inaingia mpaka kwenye kitanda cha mtoto, halali. Tafazali, mkuje mangaribi muone wenyewe.» Mtu akiona kwa macho yake, anaelewa upesi.

Usiombe azime taa. Omba aiinamishe chini. Taa inayotazama chini inaonyesha vizuri mlango na miguu ya mwizi. Taa inayomulika mbali inapofusha macho ya mlinzi mwenyewe. Fundi anaweza kutia kipande cha bati pembeni, umeme ukiwa umezimwa. Ampuli ndogo ya manjano inatosha mara nyingi, tena haiiti wadudu wengi kama nyeupe. Kama jirani anakataa, peleka neno kwa wazee au kwa shefu wa avenyu, kwa upole.

Yule mama alifanya hivyo. Bati moja lilitosha. Siropu hakuigusa tena, na sasa majirani wanasalimiana.

Maulizo kwa nyumbani:

Usiku wa leo, mwanga gani unafika usoni mwa mtoto wako? Na taa yako wewe, inamulika dirisha la nani?