Tone la Maji Katika Petroli

Kila mwaka, mikorosho inapoanza kuchanua wakati wa kiangazi, wakulima wa Nachingwea na Ruangwa huingia vitani dhidi ya ubwiriunga. Silaha yao ni unga wa salfa na mashine ya kupulizia inayobebwa mgongoni. Mashine ikizimika katika majira hayo, maua hukauka, na ua lililokauka halizai korosho. Kwa hiyo twataka kusema leo juu ya adui asiyetajwa sana mikutanoni, naye ni mafuta machafu.

Marubani wa ndege ndogo za kilimo, zile zinyunyizazo dawa juu ya nzige na kweleakwelea, wamjua adui huyu tangu zamani. Maji ni mazito kuliko petroli. Huzama chini ya tangi, na huko chini ndiko injini inakonywea. Si lazima yatoke katika mvua. Tangi lililoachwa nusu usiku kucha hutoa jasho ndani, na jasho hilo ni maji. Asubuhi injini huweza kuwaka vema kwa petroli iliyobaki katika mirija; kisha ndege ikisha kupaa, maji hufika na injini hukata. Ndege ya kunyunyiza huruka karibu kugusa mimea, na rubani hapati nafasi ya kutafuta mahali pa kutua.

Basi kabla ya safari ya kwanza ya siku, na kila baada ya kujaza mafuta, hutolewa kiasi kidogo kutoka chini ya tangi katika chombo kinachoonyesha ndani. Petroli ya daraja la 100LL hutiwa rangi ya buluu, ipate kutambulikana mbali na mafuta ya ndege za jeti, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa. Rangi hiyo hutazamwa kwa makini, maana chombo kilichojaa maji matupu chaweza kumdanganya mwenye haraka.

Mashine ya mgongoni haianguki kutoka angani, lakini ugonjwa wake ni ule ule. Tamaa ya kuchanganya petroli na mafuta ya taa ilizagaa nchini hata EWURA ikaanza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Hatua hizo zilikuwa njema. Lakini kinasaba hakizuii maji wala vumbi kuingia katika dumu lisilo na kifuniko.

Nachingwea yajua gharama ya kudharau matunzo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulimeza pauni zipatazo milioni 36. Matrekta yake, mengi yakiwa masalio ya vita, yaliharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Wakubwa walihesabu mashine, matunzo hawakuyahesabu.

Liko pia jambo la haki. Injini ikifa shambani, wa kwanza kulaumiwa ni kibarua aliyeibeba. Sisi twasema si haki kumkata mtu ujira wake kabla ya kulitazama dumu alilopewa. Aliyenunua mafuta, aliyeyatunza na aliyeyamimina, wote wana sehemu yao katika hesabu hiyo.

Yavipasa vyama vya msingi viwe na ghala safi la mafuta, na mtunzaji mmoja anayejulikana. Madumu yafungwe, yatiwe alama, wala yasitumike kwa kitu kingine. Petroli ichujwe kila inapomiminwa, na ya chini ya dumu itazamwe katika chupa nyeupe kabla haijaingia katika mashine. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano, wala haihitaji fedha za kigeni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanachama wasingoje bwana shamba awaambie; na waanze kwa kuuliza, katika mkutano ujao wa chama chao, nani anashika ufunguo wa ghala la mafuta.