Je, Ipo Albamu Iliyo Bora Kuliko Zote? Funzo kwa Mhakiki wa Fasihi

Mjadala wa wimbo au albamu iliyo bora kuliko zote ukizuka darasani, aghalabu wanafunzi hugawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza hudai kwamba ubora huweza kuthibitishwa kama jawabu la hesabu. Ya pili hushikilia kwamba kila mtu ana ladha yake, hivyo hapana la kujadiliwa. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kambi zote mbili zimepotoka, na kwamba upotovu huo huathiri majibu ya wanafunzi wetu katika karatasi ya fasihi.

Tuanze na kambi ya kwanza. Mwaka wa 2003, jarida la Rolling Stone la Marekani lilichapisha orodha ya albamu 500 bora. Nafasi ya kwanza ilitwaliwa na Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles, iliyotolewa mwaka wa 1967. Kura ilipopigwa upya mwaka wa 2020, What's Going On ya Marvin Gaye (1971) ikaongoza, nayo ya Beatles ikaporomoka hadi nafasi ya 24. Hakuna noti hata moja iliyokuwa imebadilika katika albamu hizo. Waliobadilika ni wapigaji kura na nyakati zao. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Orodha kama hizo basi hupima maoni, wala si ubora wenyewe.

Je, tutumie mauzo? Thriller ya Michael Jackson (1982) hutambuliwa kuwa ndiyo albamu iliyouzwa zaidi duniani. Huo ni ukweli kuhusu soko. Kitabu kilichouzwa sana si lazima kiwe kimesanifiwa vyema kuliko kilichouzwa kidogo.

Isitoshe, neno 'albamu' lenyewe lina ubaguzi ndani yake. Ni mwaka wa 1948 ambapo kampuni ya Columbia ilizindua santuri iliyoweza kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi taarab Bombay mwaka wa 1928, alitumia santuri za zamani zilizobeba dakika chache tu kila upande. Katika shindano la albamu, Siti ameondolewa uwanjani kabla ya filimbi kupulizwa. Ni sawa na kutafuta kazi bora ya fasihi ya Kiswahili kwa kuchunguza riwaya pekee, huku tenzi zikiachwa nje.

Hata hivyo, haya hayaipi ushindi kambi ya pili. Mwanafunzi anayesema "naupenda wimbo huu" anajieleza yeye mwenyewe. Anayesema "wimbo huu ni bora" anaieleza kazi, na ana deni la kutoa sababu. Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti, katika insha yake ya mwaka wa 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alieleza kwamba msemaji wa kuaminika ni yule mwenye wepesi wa kuhisi, mazoezi, uzoefu wa kulinganisha kazi nyingi, na aliyejiepusha na chuki. Sifa hizi hufunzwa. Hakuna anayezaliwa nazo zote.

Sababu nazo huweza kukaguliwa. Mhakiki akidai kwamba muundo wa What's Going On unaoana na maudhui yake, ataonyesha kuwa nyimbo zake huungana moja hadi nyingine, zikifuata mtazamo wa askari aliyerejea kutoka vita vya Vietnam. Msikilizaji yeyote anaweza kuyathibitisha au kuyapinga hayo. Lisilowezekana ni kuweka mshikamano huo kwenye mizani moja na ubunifu wa Beatles studioni, kisha kusoma kilo. Kigezo kipi kina uzito zaidi ni uamuzi wa mhakiki, naye hana budi kuutaja na kuutetea.

Hapa ndipo suala hili linapomgusa mwalimu anayesahihisha. Swali linalomtaka mtahiniwa atathmini ufaafu wa anwani au mbinu fulani halidai akubaliane na mwalimu. Watahiniwa wawili wenye misimamo inayokinzana wanaweza kustahili alama sawa, mradi kila mmoja ametaja kigezo, ametoa ithibati kutoka kwenye matini na kuonyesha jinsi ithibati hiyo inavyotimiza kigezo. Anayeimba sifa za kitabu teule bila ithibati hana chake, hata kama mwalimu anakienzi kitabu hicho. Tukimnyima alama yule aliyetupinga kwa hoja, tutakuwa tumemfunza kukariri ladha yetu, na uhakiki utakuwa umekufa mikononi mwetu.

Kwa hivyo, mjadala wa albamu bora tusiuzime darasani. Tumtake kila msemaji aseme: bora kwa kigezo kipi, ikilinganishwa na ipi, na kwa ithibati gani?