Fahamu: Kwa nini Gumboro humwacha kuku bila kinga

Ukifuga kuku Kayole au Umoja, mtaalamu wa mifugo atakuhimiza uwachanje vifaranga dhidi ya ugonjwa wa Gumboro mapema. Sababu imo katika jinsi kuku anavyounda kingamwili, yaani protini zinazonasa virusi na bakteria. Njia yake inaeleweka vizuri ukiilinganisha na ya binadamu na ngamia.

Binadamu
Ndani ya uboho, seli changa huchagua vipande vya jeni na kuviunganisha upya, kama mtu anayechanganya karata. Kila seli hupata kingamwili yake. Ugunduzi huu ulimpa Susumu Tonegawa wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Kuku
Kuku ana karata chache mno. Hutegemea jeni moja kuu, kisha huibadilisha kwa kunakili vipande vya jeni jirani zisizofanya kazi zenyewe. Kazi hiyo hufanyika katika kifuko cha Fabricius, karibu na tundu la kinyesi. Virusi vya Gumboro hushambulia seli za kifuko hicho. Kifaranga akipona, huenda kinga yake ikabaki dhaifu, na hata chanjo ya kideri isishike vizuri.

Ngamia
Ngamia naye ana kingamwili za kawaida na nyingine ndogo zilizokosa minyororo myepesi, yaani sehemu ndogo za kingamwili ya kawaida. Wanasayansi wa Ubelgiji walizieleza mwaka 1993, na leo hutumika kutengeneza dawa.

Kwa mfugaji wa kuku, somo ni moja: kilinde kifuko cha Fabricius kabla virusi havijafika. Fuata ratiba ya chanjo.