Gazi Isiyoonekana na Binti wa Darasa la Nane

Wamama na wadada, leo niwatoe kidogo jikoni niwapeleke darasani, ingawa mtaona hatutakwenda mbali sana na jiko.

Ninafundisha shimi na biolojia katika lisee moja ya Kikatoliki hapa Goma. Mwezi uliopita, baada ya vipindi, mama mmoja alinisubiri barazani. Binti yake yuko darasa la nane, na mwakani ataingia humanite. Akaniambia: "Madamu, huyu mutoto ni binti. Hizo fizike na shimi zitamufikisha wapi? Umuandike Pedagojia. Sayansi ni ya vijana, tena inakula pesa."

Sikukasirika. Maneno hayo hayo baba yangu aliambiwa na ndugu zake nilipochagua biolojia na shimi, na tulipofika ISP wasichana tulikuwa tunahesabika. Nikamwomba kitu kimoja tu: "Mama, kuja Alhamisi, uketi darasani pamoja nao."

Alikuja kweli. Akaketi nyuma kabisa, kitenge amekivuta hadi magotini.

Somo la siku hiyo lilikuwa mazuku. Kila mtu wa Goma analijua neno hilo, hasa wanaoishi upande wa njia ya Sake. Niliikata juu bidoni nyeupe ya lita tano, ndani yake nikasimamisha mishumaa mitatu: mrefu, wa kati na mfupi. Nikaiwasha. Katika jagi nikatia bikarbonati, nikamwagia vinegre. Povu likapanda, likatulia. Kisha nikainamisha jagi polepole juu ya bidoni, kama mtu anayemimina chai, nikiangalia vinegre yenyewe isimwagike. Hakuna kilichoonekana kikitoka. Wasichana wakaanza kucheka, madamu anamimina hewa! Mara mshumaa mfupi ukazimika. Kisha wa kati. Kicheko kikaisha.

Hiyo ni gazi kaboniki. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inashuka na kulala chini. Katika udongo wetu wa volkano inapanda kupitia nyufa za mawe na kujaa kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi au mtoto mdogo anaanguka. Na yule anayeinama kumwokota anaanguka juu yake. Niliwarudishia mara tatu: usiingie shimoni kumtoa mtu mbio mbio, piga kelele, ita watu. Huko Kameruni, mwaka 1986, gazi hiyo hiyo ilitoka kwa ghafula katika ziwa Nyos ikaua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja.

Hapo msichana mmoja akainua mkono. Alisema kwao mbuzi wawili walikutwa wamekufa asubuhi, bila jeraha, na majirani wakaanza kumwangalia vibaya bibi mmoja mjane anayeishi karibu na shimo. Alipomaliza akauliza: "Madamu, kumbe bibi hakufanya kitu?" Darasa zima lilinyamaza. Wamama, mnajua maneno ya namna hiyo yanaweza kumfikisha wapi mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Shule yetu inaanza siku kwa sala, na hakuna sista wala padri aliyewahi kuniambia nilifiche somo hili.

Kabla ya kengele niliuliza kwa nini tunaloweka muhogo mchungu siku tatu. Wasichana walianza kufungua daftari. Sauti ikatoka nyuma: "Ili sumu itoke!" Ni yule mama. Wote wakageuka. Nikamwambia ni kweli: ndani ya maji vijidudu vinalegeza muhogo, na sumu ya sianidi inapata njia ya kutoka. Kule Kwango, watu wakibanwa na njaa wakapunguza siku za kuloweka, unakuja ugonjwa wa konzo unaopooza miguu, na wanaoumizwa zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa.

Niseme ukweli pia juu yetu walimu. Shule nyingi zina chumba kilichoandikwa Laboratwari mlangoni, na ndani ni chupa kuukuu zisizojulikana zina nini. Mtihani wa serikali unauliza maswali ya kuchagua jibu, basi tunawaandikisha notesi, wanazikariri, wanapata diploma bila kuwahi kushika kijaribio mkononi. Tangu mkataba wa 1977 serikali ni mwenye shule na Kanisa linaziendesha. Kila upande unasubiri mwingine anunue vifaa. Elimu ya bure ya mwaka 2019 iliishia shule ya msingi, kwa hiyo sekondari mzigo unarudi kwa mzazi. Lakini mishumaa, vinegre na bikarbonati nilivipata soko la Virunga, na pesa yote haikufika bei ya kilo moja ya nyama.

Mlangoni mama aliniuliza: "Hiyo sayansi yenu inaomba muhogo na mishumaa tu?" Sikumdanganya. Inaomba hesabu nyingi, na inaomba binti apate saa moja na nusu kila jioni asitumwe maji wala kuchunga mbabula, wakati kaka yake ameketi. Hilo la jioni ndilo lililomfanya anyamaze, si pesa. Akasema: "Nitaongea na baba yake."

Karatasi za kuchagua zinarudishwa kabla ya TENASOSP. Ya binti huyo bado iko mezani kwangu, mahali pa kuandika chaguo ni peupe.