Kutweka Tanga Ziwa Nyasa: Wikendi Isiyofuata Ratiba ya Chuo

Ukiwaambia wana kwamba wikendi unakwenda kutweka tanga mkoani Njombe, watacheka. Njombe wanaijua kwa viazi, parachichi na baridi. Wanasahau kwamba Wilaya ya Ludewa, ndani ya mkoa huohuo, inaishia kwenye maji ya Ziwa Nyasa, na kwamba ziwani kuna meli ya mizigo inayoitwa MV Njombe.

Mwezi Mei, bumu lilipoingia, tulikwenda watatu. Kutoka Makambako unapanda gari hadi Njombe, unaunganisha hadi Ludewa, kisha unateremka mpaka Lupingu, ufukweni. Ni mteremko kwelikweli: mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ziwa halifiki mita 500. Asubuhi una sweta na koti, jioni unatafuta kivuli.

Mei mvua zinaisha na kipupwe hakijakolea, kwa hiyo hali ya hewa ni tamu. Ila lazima uujue upepo, nao uko wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa kila siku. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, na hewa baridi inateremka kutoka Milima ya Livingstone kwenda ziwani. Jumamosi alfajiri mzee mwenye mtumbwi alitweka turubai lake, tukasukumwa taratibu bila kupiga kasia. Mchana mambo yanageuka: nchi kavu inapata joto, hewa yake inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Hiyo ndiyo iliyoturudisha ufukweni, kijijini kwa mzee, ambako gari halifiki. Upepo mmoja unakupeleka, mwingine unakurudisha, na mafuta hununui.

Wa pili ni mwera. Unatoka kusini-mashariki, hasa Mei hadi Agosti, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini. Kadiri upepo unavyosafiri juu ya maji, ndivyo wimbi linavyokua, na huku kaskazini linafika likiwa limeshiba.

Mwera ulianza usiku huohuo. Jumapili tulitakiwa kurudi Lupingu, kwa sababu Jumatatu jioni tulikuwa na testi. Mwenzetu akambembeleza mzee: "Shikamoo baba. Twende tu, tutapita kandokando."

"Marahaba, mwanangu. Huko kandokando ni miamba mitupu. Mtumbwi ukijaa maji, mtatokea wapi?"

Tuliangalia. Kweli, mlima unaingia ziwani moja kwa moja, hakuna hata kipande cha mchanga. Tukakaa, tukala dagaa na ugali, tukaondoka Jumanne alfajiri. Testi ikanipita na alama 15 zikaenda. Hadi leo zinaniuma, lakini ninaziona za bei nafuu.

Kwa hiyo ukienda, chagua wiki isiyo na testi na uweke siku mbili za akiba. Beba jaketi la kuokoa maisha, usitegemee kulikuta kule. Safiri alfajiri. Na mwenye chombo akisema leo hapana, usimbembeleze. Anaweza akakubali.